Kwa nini chuma cha matope ya Mwea huonyesha 'spini' ya 4.2 badala ya 5

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayetoka Makutano akielekea Embu hufika Wang'uru akiwa amezungukwa na mashamba ya mpunga pande zote mbili za barabara. Wachuuzi wa mchele wa pishori hukimbilia dirisha la gari na mifuko yao, na nyuma yao maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yametanda katika majaruba, yakimetameta juani. Ni mandhari anayoyajua kila aliyewahi kupita njia hiyo.

Wasichokijua wengi ni kwamba chini ya maji hayo, vidole vichache tu ndani ya tope, mna kemia inayowaumiza vichwa wanafunzi wa vyuo vikuu walioketi mbele ya tarakilishi zao. Chanzo cha maumivu hayo ni chuma. Swali lenyewe, kwa ufupi, ni hili: elektroni haigawanyiki vipande, basi inakuwaje programu ya ukokotozi iseme kuwa atomu moja ya chuma ina elektroni 4.2 zisizo na mwenzi?

Hilo si swali la mzaha. Mwanafunzi anayelijibu vibaya anaweza kutupa matokeo yaliyo sahihi akidhani ni makosa. Au, na hili ni baya zaidi, anaweza kuikarabati nambari mpaka ifanane na ile aliyoisoma kitabuni. Makala haya yanajaribu kueleza nambari hiyo inatoka wapi, inasema nini, na ni lini msomaji wake anapaswa kuingiwa na wasiwasi.

CHUMA CHA MLIMANI, CHUMA CHA BONDENI

Aliyepanda kutoka Wang'uru hadi Kutus na Kerugoya ameona jinsi udongo unavyobadilika rangi. Huku bondeni ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kule juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inayozaa kahawa na majani chai, udongo ni mwekundu. Wekundu huo ni wa chuma kilichokutana na oksijeni. Kwa maneno mengine, ni jamaa wa karibu wa kutu inayolila jembe lililosahauliwa nje.

Ndani ya kutu, kila atomu ya chuma imepoteza elektroni tatu. Tukiite chuma hicho chuma-tatu. Mkulima anapolifurika jaruba lake maji, mambo hubadilika. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, na kwa hivyo tope hukosa hewa upesi. Bakteria waishio udongoni, baada ya kuimaliza oksijeni, hutafuta kitu kingine cha kuwafaa badala yake. Huanza na naitreti, wakaja kwa manganizi, kisha wakakigeukia chuma. Hukipa chuma-tatu elektroni moja, nacho kikageuka kuwa chuma-mbili.

Chuma-mbili huyeyuka majini kwa wepesi zaidi, na tope lililokuwa na rangi ya kutu huelekea kijivu. Lakini ng'oa shina la mpunga lililokomaa, uisuuze mizizi yake, utaona ajabu: mizizi imevaa ngozi ya rangi ya kutu. Sababu ni kuwa mpunga una mirija ya ndani inayopeleka hewa kutoka majanini hadi mizizini, na kiasi fulani cha oksijeni huvuja nje. Chuma-mbili kinapokutana na oksijeni hiyo hurudi kuwa chuma-tatu na kugandama papo hapo.

Hapo ndipo mkulima anapohusika. Chuma-tatu hushika fosfeti kwa nguvu na kuinyima mimea. Chuma-mbili kinapoyeyuka, fosfeti nayo huachiliwa. Kwa upande mwingine, chuma-mbili kikizidi mno huudhuru mpunga, majani yakaingia madoa ya rangi ya shaba. Kilimo cha kulowesha na kukausha shamba kwa zamu, ambacho kilianza kujaribiwa Mwea mwaka 2009 kwa uongozi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kinahusu kuokoa maji. Lakini kila shamba linapokauka na kuloweshwa tena, chuma nacho hubadilisha sura, huku na kule.

Kwa hivyo anayetaka kujua jinsi fosfeti inavyong'ang'ania chembe ya kutu, na jinsi inavyobanduka, hana budi kwanza kujua kama chuma alicho nacho ni chuma-mbili au chuma-tatu. Maabara ina njia zake za kulijibu swali hilo. Tarakilishi nayo ina yake, na moja ya njia hizo ni kuhesabu spini.

HESABU YA KITABUNI

Elektroni hufanya kazi kama sumaku ndogo mno. Sumaku hiyo ina mielekeo miwili tu, tuseme juu na chini, na tabia hiyo ndiyo wanasayansi wanayoiita spini. Elektroni mbili zikikaa chumba kimoja, sharti moja ielekee juu na nyingine chini, na nguvu zao za sumaku zikafutana. Iliyobaki peke yake chumbani haina wa kuifuta. Hesabu ya spini kwa kweli ni hesabu ya hizo zisizo na mwenzi.

Atomu ya chuma ina elektroni 26. Chuma-tatu, baada ya kupoteza tatu, hubaki na 23. Kati ya hizo, 18 zimejipanga mbili mbili katika vyumba vya ndani, na tano zimesalia katika ukumbi wa nje wenye vyumba vitano. Kama wanafunzi wa bweni, kila mmoja hupendelea chumba chake maadamu nafasi ipo. Zote tano basi hukaa moja moja, zikielekea upande mmoja: elektroni tano zisizo na mwenzi.

Chuma-mbili kina elektroni moja zaidi. Hiyo ya sita haipati chumba kitupu, hivyo hulazimika kuingia kwa mwenzake na kuelekea kinyume. Zisizo na mwenzi hubaki nne.

Mpangilio huo ndio unaokuwapo chuma kinapozungukwa na maji au oksijeni ya kutu. Katika mazingira mengine, vyumba huachana kwa bei, vingine vikawa ghali mno, na elektroni zikaona heri kubanana. Hemoglobini ya damu yetu ni mfano mashuhuri. Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kuwa ikiwa haina oksijeni, kila chuma chake kina elektroni nne zisizo na mwenzi, na ikishabeba oksijeni, usumaku huo hutoweka.

Kwa chuma cha tope, basi, kitabu kinatupa jibu jepesi: ukipata 5, una chuma-tatu, ukipata 4, una chuma-mbili. Jibu hilo ni sahihi, ila ni la atomu iliyo peke yake, isiyo na jirani.

KINACHOTOKA KATIKA TARAKILISHI

Sasa tumfikirie mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeamua kuchunguza chuma cha mashamba ya kwao. Anaanza na mfano mdogo kabisa: atomu moja ya chuma-tatu iliyozungukwa na molekuli sita za maji. Anaipa programu hesabu ya elektroni, anaiambia kuwa tano hazina mwenzi, anaiacha ifanye kazi usiku kucha kwa mbinu ya msongamano wa elektroni, ile inayofupishwa kuwa DFT. Hii ndiyo mbinu iliyompatia Walter Kohn nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1998.

Asubuhi anakuta orodha. Jumla ya mfano mzima ni 5.00, kama alivyotarajia. Lakini mbele ya atomu ya chuma pameandikwa nambari ya karibu 4.2. Zile 0.8 zilizobaki zimetawanyika katika molekuli sita za maji, kila moja ikipata kama 0.13, na sehemu kubwa ya hizo imekalia oksijeni.

Anarudia kazi hiyo kwa chuma-mbili. Jumla ni 4.00. Mbele ya chuma pameandikwa karibu 3.8, na 0.2 zimekwenda kwenye maji.

Nambari zenyewe zitapanda au kushuka kidogo kulingana na mbinu aliyoitumia, lakini sura ya mambo ni hiyo. Na hapa ndipo penye shimo ambalo wengi hutumbukia. Mwanafunzi anajiambia, "Elektroni haikatwi vipande, wacha nizikadirie hizi kwa nambari kamili iliyo karibu." Anachukua 4.2, inakuwa 4. Anachukua 3.8, nayo inakuwa 4. Ghafla vyuma viwili vilivyokuwa tofauti vimekuwa kitu kimoja, na anaandika katika tasnifu yake kuwa shamba zima limejaa chuma-mbili, hata ile kutu nyekundu.

Kosa hilo halikutoka kwa tarakilishi. Tarakilishi ilitofautisha vizuri. Aliyefuta tofauti ni yule aliyetaka nambari ziwe nadhifu.

TUTA NDILO LIGAWALO

Ili kuelewa zile 0.8 zilikwenda wapi, turudi shambani. Mashamba ya Mwea yalipogawanywa, mradi ulipoanza katika miaka ya 1950, kila mpangaji alipewa ekari nne. Majaruba yametenganishwa kwa matuta, na maji hutoka katika mfereji mmoja. Ofisa anayesimama kwenye mlango wa mfereji anaweza kupima kwa uhakika maji yote yaliyoingia. Lakini ukimwuliza ni maji kiasi gani yaliyo katika jaruba la fulani, jibu linategemea tuta limekaa wapi. Lisogeze tuta hatua mbili, na jaruba moja litaongezeka, jingine litapungua, ilhali hakuna tone lililoongezwa wala kupunguzwa katika mfereji.

Elektroni ndani ya molekuli hutanda kama maji hayo. Fizikia ya kwantamu haiiweki elektroni mahali pamoja kama punje. Hutupatia wingu linaloonyesha uwezekano wa kuikuta hapa au pale. Chuma na oksijeni vinapofungamana, mawingu yao huingiliana. Sehemu ya wingu lililokuwa la chuma hulala juu ya oksijeni, na oksijeni nayo hukipa chuma sehemu ya lake. Idadi ya elektroni katika molekuli nzima ni nambari kamili, na hiyo ndiyo inayopimwa mlangoni pa mfereji. Fungu la kila atomu halilazimiki kuwa nambari kamili, kwa sababu asili haikujenga tuta kati ya atomu na jirani yake. Matuta tumeyachora sisi.

Anayetilia shaka maelezo haya na auangalie mfano ulio rahisi kuliko yote. Molekuli ya oksijeni tunayoivuta ina atomu mbili zilizo sawa kabisa na elektroni mbili zisizo na mwenzi. Kwa kuwa atomu hizo ni pacha, kila moja hupata 1. Sasa iongezee molekuli hiyo elektroni moja. Inakuwa ayoni iitwayo superoksaidi, ambayo hutokea hata ndani ya chembe hai za mimea na za miili yetu. Elektroni iliyoongezwa hujipatia mwenzi, na katika molekuli nzima hubaki moja tu isiyo na mwenzi. Je, ni ya atomu ipi kati ya zile pacha mbili? Hakuna sababu yoyote ya kuipendelea moja. Kila atomu hupata 0.5.

Hapo hakuna elektroni iliyokatwa. Kuna elektroni moja nzima inayomilikiwa kwa ubia na atomu mbili. Nusu hiyo ni haki ya kila mbia, na haihitaji kurekebishwa.

KILA MPIMAJI NA KAMBA YAKE

Maadamu matuta yamechorwa na binadamu, si ajabu kwamba wapimaji hawakukubaliana kamba moja. Mmarekani Robert Mulliken, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, alichapisha mwaka 1955 kanuni ya kugawa elektroni ambayo bado inatumika sana. Kwake, wingu lililo kati ya atomu mbili hugawanywa nusu kwa nusu, bila kujali ni nani mwenye nguvu zaidi. Ni kanuni nyepesi, lakini huyumba mno unapobadilisha milinganyo inayotumika kuchora mawingu hayo. Msweden Per-Olov Löwdin alikuwa na kanuni yake, inayoyumba kiasi kidogo. F. L. Hirshfeld, mwaka 1977, alipendekeza kila atomu ipate fungu kwa kulinganisha na wingu ambalo ingekuwa nalo kama ingekuwa peke yake. Richard Bader, aliyefanya kazi Kanada, alifuata mabonde ya wingu lenyewe: mpaka hupita pale ambapo msongamano unafikia kina cha chini kati ya vilele viwili, kama mwenye ramani anayetenganisha mabonde ya mito.

Programu zinazotumika kwa vitu vigumu kama chembe za kutu zina njia nyingine tena. Aghalabu huchora tufe kuizunguka kila atomu na kuhesabu kilichomo ndani yake. Kilicho kati ya matufe hakihesabiwi kwa mtu yeyote, kama maji yaliyobaki katika mifereji midogo. Ndiyo maana katika programu hizo ukijumlisha mafungu ya atomu zote unaweza kupata pungufu ya jumla iliyochapishwa. Mwanafunzi asiyelijua hilo huhangaika siku nzima akitafuta elektroni iliyopotea ambayo haikupotea.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza: nambari ya spini ya atomu haina maana bila jina la mpimaji wake. Kulinganisha 4.2 ya Mulliken na 4.0 ya tufe ni kama kulinganisha debe na gunia bila kutaja lipi ni lipi.

JINSI YA KUISOMA

Kanuni ya pili ni kwamba nambari hizi husomwa kwa kulinganishwa. Mwanafunzi wetu ashazijua alama zake mbili: kwa mbinu aliyoichagua na kwa kamba aliyoichagua, chuma-tatu kilicho ndani ya maji husoma karibu 4.2 na chuma-mbili husoma karibu 3.8. Sasa akikiweka chuma juu ya uso wa kutu, karibu na fosfeti, kisha akasoma 4.18, ana haki ya kusema kuwa hicho ni chuma-tatu. Akisoma 3.76, ni chuma-mbili. Ni kama mizani ya dukani: mradi inazidisha sawasawa kwa kila mteja, bado itakuambia gunia lipi ni zito.

Msomaji aitazame kwa makini tofauti hiyo. Elektroni nzima imeongezwa, lakini nambari ya chuma imeshuka kwa 0.4 tu. Elektroni iliyoongezwa haikukaa yote juu ya chuma. Na oksijeni zilizokuwa zikikikopesha chuma-tatu kwa wingi zimepunguza mkopo wao. Yule anayesubiri kushuka kwa 1 kamili atangoja hadi jogoo aote pembe.

Kanuni ya tatu ni kutafuta shahidi wa pili. Chuma-tatu huvuta oksijeni za maji karibu zaidi: umbali ni takriban angstromu 2.0, ilhali kwa chuma-mbili ni takriban 2.1. Kama spini inasema chuma-tatu na umbali nao unasema hivyo, kesi imekwisha. Kama mashahidi wanapingana, kesi inaendelea. Na katika maabara, mbinu ya Mössbauer inaweza kutofautisha vyuma hivyo viwili ndani ya udongo wenyewe, bila kumtegemea mpimaji yeyote wa mawingu.

Kuna jambo jingine dogo linalowapotosha wengi. Programu nyingi huchapisha idadi ya elektroni zisizo na mwenzi, ilhali vitabu huandika spini yenyewe, ambayo ni nusu ya idadi hiyo, kwa kuwa spini ya elektroni moja ni nusu. Chuma-tatu huandikwa 5/2 kitabuni na 5 katika orodha ya tarakilishi. Programu nyingine humtaka mtumiaji aandike maltiplisiti, ambayo ni idadi hiyo ukiongeza moja, yaani 6. Asiyechunga atajikuta ameagiza kitu kimoja na kuhesabu kingine.

LINI UWE NA WASIWASI

Kusema kuwa sehemu ya nambari si kosa hakumaanishi kuwa kila nambari ni njema. Zipo dalili za hatari.

Dalili ya kwanza ni ya jumla. Katika molekuli iliyo peke yake, elektroni zinazoelekea juu ni idadi kamili, na zinazoelekea chini pia ni idadi kamili. Tofauti yake haiwezi kuwa 4.6. Fungu la mbia linaweza kuwa na desimali. Kitabu cha mfereji hakiwezi. Jumla ya aina hiyo ikitokea katika molekuli, kuna kasoro katika maagizo au hesabu haijatulia.

Dalili ya pili ni kipimo ambacho programu nyingi huchapisha pembeni na ambacho wanafunzi wengi hukiruka: wastani wa mraba wa spini. Kwa elektroni tano zisizo na mwenzi kinapaswa kuwa karibu 8.75, kwa nne, karibu 6.00, kwa moja, karibu 0.75. Kikitofautiana kidogo, si neno. Kikitofautiana sana, hali ya elektroni iliyopatikana ni mchanganyiko wa hali mbalimbali, na mafungu ya atomu yasiaminiwe kabla ya kuchunguzwa.

Dalili ya tatu ni ya hila zaidi. Tuseme mfano una vyuma viwili, kimoja kinatakiwa kuwa chuma-tatu na kingine chuma-mbili, kama ilivyo katika ile kutu ya kijani inayopatikana katika baadhi ya udongo uliofurika. Mwanafunzi anasoma 4.0 na 4.0. Huenda kweli elektroni moja inamilikiwa kwa ubia na vyuma vyote viwili. Lakini huenda pia ni udhaifu wa mbinu yenyewe, kwa sababu nyingi za mbinu za DFT zina mazoea ya kuitandaza elektroni kupita kiasi. Wataalamu huongeza marekebisho yajulikanayo kwa herufi U, yanayohusishwa na John Hubbard, ili kuizuia tabia hiyo. Kama baada ya marekebisho nambari zinaachana zikawa 4.2 na 3.8, na umbali wa oksijeni nao ukaachana, ule ubia ulikuwa wa bandia.

Hali kadhalika, msomaji asiogope nambari hasi. Elektroni isiyo na mwenzi iliyo juu ya atomu moja huwasukuma kidogo majirani waelekee upande mwingine, na jirani akapata kama 0.1 hasi. Hilo ni jambo halisi na hupimika.

Wala asishtuke anapoona sifuri. Katika kutu nyekundu, safu moja ya vyuma huelekea juu na inayofuata huelekea chini. Kila atomu inasoma 4 na ushei, nusu yao chanya na nusu hasi, na jumla inakuwa sifuri. Programu ya Quantum ESPRESSO, ambayo hupatikana bure, huchapisha jumla mbili kwa ajili hiyo: moja inayoziacha chanya na hasi zifutane, na nyingine inayozihesabu zote bila kujali mwelekeo. Anayesoma ya kwanza peke yake atasema kutu haina spini, ilhali imejaa tele.

JEMBE NALO LINA LAKE

Kuna mahali pamoja ambapo hata jumla inaruhusiwa kuwa na desimali, napo ni katika metali. Chukua chuma kitupu, kama kile kinachotawala katika bapa la jembe. Huko elektroni haziwi za atomu hii wala ile. Ni za jembe zima, na husambaa kote. Vipimo vya maabara, mbali kabisa na tarakilishi, vinaonyesha kuwa kila atomu ya chuma katika metali ina usumaku wa takriban 2.2, si 2 wala 3. Asili yenyewe imetupa desimali, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa hivyo jembe lililosimama pembeni mwa jaruba, kutu inayolila, na tope la kijivu linalolinata vyote ni chuma, na vyote vina nambari zisizo kamili, lakini kila nambari ina sababu yake. Kazi ya msomaji wa matokeo ni kuijua sababu hiyo.

KAZI INAYOWEZEKANA HAPA KWETU

Kuna watakaosema kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mwaka 2012, mji wa Eldoret ulikuwa mwenyeji wa shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa elektroni, ijulikanayo kwa kifupi ASESMA, iliyowakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali za bara hili kujifunza hesabu za aina hii. Kabla yake shule hiyo ilifanyika Cape Town mwaka 2010. Programu zinazohitajika hazinunuliwi, na mfano mdogo wa chuma na molekuli sita za maji hauhitaji mtambo wa mamilioni. Kinachohitajika zaidi ni mtu anayejua kuuliza nambari inasema nini.

Ni kweli kwamba hakuna mkulima wa Wang'uru atakayepima mbolea yake kwa kusoma orodha ya spini. Kati ya tarakilishi na jaruba kuna safari ndefu inayopitia maabara ya udongo na mashamba ya majaribio. Lakini safari hiyo ina mwanzo, na mwanzo ukiwa na uongo, kila hatua inayofuata hujengwa juu ya uongo huo. Mtafiti aliyekadiria 4.2 kuwa 4 amekwisha kuigeuza kutu kuwa kitu kingine. Atakayesoma kazi yake na kuhesabu jinsi fosfeti inavyoshikwa atakuwa anahesabu kwa chuma kisichokuwapo. Tangu Bwawa la Thiba lilipokamilika mwaka 2022, maji mengi zaidi yanaweza kufikishwa katika tambarare za Mwea, na maswali kuhusu kinachotendeka chini ya maji hayo hayatapungua.

Ushauri kwa mwanafunzi basi ni mfupi. Andika nambari kama ilivyotoka. Taja mbinu uliyoitumia na kamba uliyopimia. Hakikisha jumla ni kamili pale inapopaswa kuwa kamili. Pima chuma unachokijua kabla ya kukihukumu usichokijua, kisha umwite shahidi wa pili. Na msimamizi wako akikuuliza kwa nini atomu yako ina elektroni 4.2, usimwombe radhi. Mwambie kuwa zote tano zipo, hakuna iliyokatwa, ila chuma kina majirani, na kilicho chake hakilali chote nyumbani.